Jiwe Lililofungwa Ngomeni

Harufu ya chokaa mbichi, hasa ile iliyokorogwa kwa maji machache na kuachwa juani, hupanda puani kwa ukali na kukausha koo kabla mtu hajajua inatoka wapi. Ndiyo iliyonisimamisha mjini Mbarara, karibu na uzio wa kambi ya jeshi, nikitoka Kamukuzi ambako nilikuwa nimekwenda kupimwa macho. Wake wa askari walikuwa wakipaka mawe yaliyopangwa kando ya njia, kila mmoja na ndoo yake na ufagio wake mfupi, na watoto wao walikuwa weupe hadi kwenye nyusi. Mwanamke mmoja, ambaye wenzake walimwita Mama Kato, aliniona mimi, mzee mwenye mkongojo nisiyeondoka.

"Mzee, wewe nasimama hapa sana. Iko shida?"

"Hakuna shida, mama. Nanusa chokaa."

"Kama hapana shida, basi shika ufagio, saidia sisi."

Wenzake walicheka, nami nilistahili. Mumewe, koplo mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kreti ya soda akifunga kamba za viatu, aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu: makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa sasa; kwa kuzaliwa, Kivu ya Kusini, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya ngome kongwe. Akachangamka.

"Hiyo ngome mimi najua. Iko mambo ya jeshi ndani, watu nalipa kuona. Iko mawe ya kunoa panga ya askari ya zamani."

"Uliyaona kwa macho yako, afande?"

"Kwa simu, mzee. Simu nayo iko na macho."

Sikubishana naye. Ni kijana mwenye adabu, na alinisindikiza mpaka barabarani. Lakini njia nzima ya kurudi Nakivale maneno yake yalinikaa kooni pamoja na ile chokaa. Mawe ya kunoa panga. Uongo niliokataa kuusema nikiwa mtoto umezeeka pamoja nami, na sasa unasafiri kwa simu.

Kwa hiyo, kabla sijaendelea, nitenganishe mchele na chuya. Niliyoyaona mwenyewe ni haya: ngome ilivyokuwa nilipokuwa darasa la sita, siku ilipofunguliwa kuwa jumba la makumbusho ya jeshi, na jambo alilolifanya bibi yangu siku hiyo mbele ya wakubwa. Niliyoyasikia ni yale ya kabla, hasa habari za jinsi ngome ilivyojengwa. Mahali nitakaposema "nasikia", msomaji ajue kwamba hapo natembea kwa kupapasa, na asiniamini zaidi ya ninavyojiamini mimi mwenyewe.

Nasikia ngome ile ilianza kuwa ghala la wafanyabiashara waliokuja na bunduki na vitambaa, wakaondoka na pembe na watu. Nasikia Wazungu waliikuta magofu, wakaijenga upya kwa mawe, wakaweka mizinga miwili ikitazama maji ili kumtisha adui aliyekuwa ng'ambo. Nasikia baadaye ilikuwa gereza, kisha kambi, kisha stoo ya chumvi. Niliyoishuhudia mimi ilikuwa jengo la pembe nne, lenye kuta nene kiasi kwamba mtoto aliweza kulala kifudifudi kwenye dirisha lake na miguu isitokeze nje. Mizinga ilikuwepo, imeliwa na kutu. Ndani ya mmoja kuku wa mke wa sajini alikuwa akitaga, na tukiambiwa ni silaha ya kutisha tulijua ni kiota.

Jeshi liliamua kuigeuza kuwa jumba la kumbukumbu zake. Tukaletwa sisi wanafunzi kupaka chokaa, kazi ya umma ambayo kwetu huitwa salongo na ambayo hakuna aliyeulizwa kama anaipenda. Tulifunga fagio za makuti ya mchikichi, tukapaka kuta zote, na mikono ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Ni katika kupaka huko nilikoyaona mawe. Kwenye ukuta wa ua wa ndani, kati ya mawe ya kawaida ya kuchongwa, yalikuwemo mengine mapana yenye uso laini ulioingia ndani, kama mgongo wa punda aliyebeba mizigo maisha yake yote. Ukipitisha kiganja pale, kiganja kilishuka na kupanda bila kukwaruzwa. Moja lilikuwa limeng'olewa ukutani na kuwekwa kwenye chumba cha bunduki, juu ya kijukwaa cha saruji, na ubao mbele yake wa Kifaransa na Kiswahili ukisema kwamba hili ndilo jiwe ambalo mashujaa wa ngome walinolea panga na singe zao.

Nyumbani kwetu alikuwepo mama yake mama, tuliyemwita Koko. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye maneno machache na macho yasiyokwepa. Karibu na mafiga yake alikuwa na jiwe la duara, jeusi, la ukubwa wa mkate, lenye tumbo lililong'aa kwa kushikwa. Halikufanya kazi yoyote. Alisagia unga wake juu ya jiwe la jirani, kwa kupokezana, na jiwe hili jeusi likakaa limefungwa kitambaa kama mgonjwa. Tulipouliza, alisema: huyu ni mtoto, mama yake yuko kifungoni.

Kwetu jiwe la kusagia ni mawili. La chini, pana, huitwa mama. La juu, la kushikwa mkononi, huitwa mtoto. Yanapofanya kazi pamoja muda mrefu, moja humla mwenzake, mpaka tumbo la mtoto linakaa katika mapaja ya mama kama chanda na pete, na huwezi tena kumpa mama huyo mtoto wa mwingine. Mwanamke hurithi yote mawili kwa mama yake. Hayo si ya kusikia. Nimeyaona katika kila jiko la utoto wangu.

Yafuatayo ni ya kusikia, kutoka kwa Koko, naye aliyasikia kwa mama yake. Mawe ya mlimani yalipopungua, wajenzi wa ngome waliwatuma askari kwenye nyumba za watu kuchukua kila jiwe pana lililochongwa tayari. Walitaka yale ya chini tu. Ya juu hayakuwa na faida ukutani, lakini waliyatupa ziwani ili wanawake wasiwe na sababu ya kudai. Mama yake Koko akalifunga lake mgongoni kwa kitenge, akatoka mlangoni akilipigapiga matako kama anayebembeleza. Askari mmoja akamuuliza mbona mtoto wake halii. Akajibu: amerithi kwa baba yake, hasemi mbele ya wageni. Sijui kama kweli alijibu hivyo. Koko alikuwa akiyasema hayo bila kucheka, na sisi tukicheka mpaka tunatoka machozi.

Sasa nifike kwenye shida yangu. Mkuu wa kambi, tuliyemwita Komanda, aliahidi mbele ya wazazi kwamba mwanafunzi atakayewaongoza wageni siku ya ufunguzi, akisema historia yote kwa moyo bila kukosea, jeshi litampeleka shule ya sekondari ya bweni huko Bukavu. Mwalimu Donati akanichagua mimi. Nilikuwa na kumbukumbu kali na sauti inayofika. Baba yangu alikuwa amekufa, na mama aliuza mihogo. Nje ya ahadi ile sikuwa na njia ya kwenda sekondari, na watu wote wa nyumba yetu walilijua hilo, Koko akiwa wa kwanza.

Jioni nilikuwa nikijizoeza uani, nikitembea kutoka mti hadi mti kana kwamba ni mizinga na bendera. Nilipofika kwenye jiwe la kunolea, Koko, aliyekuwa akimenya mihogo, aliweka kisu chini.

"Nani alikuambia ile?"

"Mwalimu, Koko."

"Na mwalimu, nani alimuambia?"

"Komanda."

"Na Komanda, alikuwa fasi gani wakati banajenga?"

Nikasema sijui. Labda alikuwa hajazaliwa.

"Weye uliona musoda ananoa panga pale?"

"Hapana, sikuona askari."

"Basi ile kitu hauyaona, usiiseme. Kinywa si shimo ya takataka, kila mutu anatupa yake."

Mama aliingilia kati. Alisema ni maneno tu, mtoto ayaseme apate shule, ukuta hautaanguka kwa maneno. Koko aliokota kisu akaendelea kumenya. Naye, tangu jioni ile hadi siku ya ufunguzi, hakurudia tena lile neno. Nilitamani arudie. Angenikaripia, ningeweza kumkasirikia.

Siku ilifika na wageni wengi: maofisa, watu wa utawala, padre, na bendi yenye tarumbeta mbili na ngoma iliyopasuka upande. Chokaa ya mwisho haikuwa imekauka. Komanda aliegemea ukuta akizungumza na mgeni wake, na alipogeuka, nyuma ya suruali yake kulikuwa na alama nyeupe kubwa kama ramani. Hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa hiyo alitembea nayo mchana kutwa, na sisi watoto tuliokuwa nyuma yake tulipata adhabu kubwa kuliko zote, ya kutocheka.

Nikaanza. Nikasema mizinga, nikasema nanga, nikasema bendera tatu na majina ya waliozibeba. Sauti yangu ilijaa vyumba, nami nikaipenda. Mwalimu Donati alitembea pembeni midomo ikicheza pamoja na yangu. Tukaingia chumba cha bunduki. Nyuma ya wageni nilimwona Koko ameingia pamoja na wanawake wengine wa kijiji, amevaa kitenge chake cha kanisani, na mgongoni amebeba mtoto. Nilijua nyumba yetu haikuwa na mtoto wa kubebwa.

Nikafika mbele ya jiwe. Maneno yalikuwepo yote, yamejipanga nyuma ya meno yangu. Mwalimu akanong'ona neno la kwanza kunisaidia, akidhani nimesahau. Nikasema, kwa sauti ileile inayofika:

"Hapa siwezi kusema, kwa sababu sikuona. Aliyeniambia hakuona, na aliyemwambia hakuona."

Mwalimu alishika kichwa. Komanda alitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Kijana ameshikwa na haya," alisema. "Endelea, kijana. Jiwe la kunolea..."

"Si haya, Komanda. Sijui ni jiwe la nini."

Ndipo Koko alipopita katikati ya maofisa, bila kumsukuma mtu, kwa namna ambayo watu humpisha mama mwenye mtoto. Akafungua kitenge. Akalitoa lile jiwe jeusi, akapiga magoti mbele ya kijukwaa, akachukua kutoka kwenye pindo la nguo konzi ya ulezi na kuimwaga kwenye shimo la lile jiwe pana. Kisha akamweka mtoto juu ya mama yake.

Hili nililiona nikiwa nimesimama karibu kiasi cha kumgusa bega. Tumbo la jiwe la juu liliingia katika jiwe la chini bila mwanya, kila upande, kama ulimi unavyorudi kinywani. Akaanza kusaga. Sauti ile, ya jiwe kwa jiwe na nafaka katikati, kila mtu chumbani aliijua tangu tumboni mwa mama yake, hata maofisa.

"Mama," alisema Komanda, "ondoka hapo. Hii ni kitu ya Serikali."

"Serikali inakulaka bugali?"

"Mama, nimesema toka."

"Kama inakulaka, ingojee. Unga haiyaisha."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, kisha wengine. Komanda akawaita askari wawili. Mmoja alimshika Koko mkono wa kushoto. Wa pili, kijana mdogo mwenye kovu kidevuni, alisimama tu, bunduki begani, akimtazama kama anayemwangalia bibi yake mwenyewe. Koko aliendelea kusaga kwa mkono wa kulia.

"Mutoto amekuja kuonana na mama yake," alimwambia yule aliyemshika, kwa upole. "Kifungoni kuko siku ya kuonana, ao hakuna? Na weye mwachilie mama yake aone wageni siku moja."

Alimaliza konzi yake yote. Akakusanya unga kwa ukingo wa kiganja, asiache hata chembe, akaufunga pindoni. Akamfunga mtoto mgongoni tena, akainuka bila kusaidiwa. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, si kwa ukali, kama mtu anayeaga majirani: "Nitarudia."

Nisiwadanganye wasomaji wangu kwamba wakubwa waliona aibu. Sikuona aibu yoyote. Komanda aliwaomba wageni radhi kwa ushamba wa watu wa pale, wakaenda kunywa bia. Ubao haukubadilishwa. Mwalimu Donati alinichapa siku iliyofuata, kisha akaketi juu ya dawati akanitazama muda mrefu, akasema tu: "Na sauti ile." Mtoto mwingine alifundishwa maneno, akayasema vizuri, akapelekwa Bukavu. Mimi sekondari niliipata baadaye, kwa miaka ya kubeba matofali mchana na kusoma kwa padre jioni, na kila kitabu nilichokisoma nilikiuliza maswali ya Koko.

Naye alirudi. Kila siku ya soko, ngome ilipofunguliwa kwa watu, alipanga mstari pamoja na wengine na mtoto mgongoni. Waliweka kamba mbele ya jiwe. Akapitisha mikono chini ya kamba. Wakaweka seng'enge, akasagia pembeni, palipofikika. Wakainua kijukwaa mpaka kimo cha kifua. Akaja na kigoda chake. Askari walibadilishwa, Komanda alihamishwa, akaja mwingine aliyeamuru aachwe, eti wageni wanampenda. Neno hilo lilimuudhi kuliko seng'enge. Siku hiyo aligeuza kigoda, akasaga huku amewapa wageni mgongo.

Aliporudi mara ya mwisho hakuweza kupanda kigoda. Miezi ya mwisho ya maisha yake aliniita, ingawa jiwe hurithiwa na binti na mabinti walikuwepo, akaniwekea mtoto mapajani. Hakutoa hotuba. Alisema: "Ni muzito. Usimutie chini hovyo."

Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni. Niliamini kwamba kunyamaza kwangu mbele ya lile jiwe ndiko kulikomfungulia Koko njia. Kwamba mtoto wa darasa la sita alitoa shule yake ili bibi apate kusema. Nilikuwa mtu mzima, nimeshakuwa mwalimu mimi mwenyewe, nilipokumbuka jambo nililoliona na nisilolifikiri: alipoingia chumbani, jiwe lilikuwa tayari mgongoni mwake na ulezi tayari pindoni. Mimi nilikuwa bado nasema bendera. Angesaga hata kama ningeyasema maneno yote ya Komanda bila kukosea. Wala hakunihitaji, wala hakudai jiwe lirudishwe. Sikumsikia hata mara moja akiliomba. Alinikataza kusema uongo kwa ajili ya kinywa changu tu, kama anavyomkataza mtoto kuokota chakula chini. Na baada ya kunikataza mara moja akanyamaza, aniachie mimi kuamua. Heshima hiyo sikuielewa. Niliidhania ukali.

Vita vilipotutoa, nilifunga nguo, Biblia, na jiwe. Njiani watu walicheka: "Mwalimu, Uganda hakuna mawe?" Mpakani askari mmoja wa Uganda alinyanyua mzigo wangu, akashtuka, akarudi nyuma. "Hii nini, mzee? Bomu?" Nikafungua kitambaa. Akalitazama, akanitazama, akawaita wenzake waone mzee anayekimbia vita na jiwe. Nilikaa makazi ya Oruchinga kwa muda, kisha Nakivale, nalo likakaa nami, karibu na mafiga.

Kuhusu ngome, nasikia mengi. Nasikia bomu liliangusha upande unaotazama ziwa. Nasikia, kinyume chake, kwamba imepakwa chokaa upya na wageni wanapiga picha. Nasikia jiwe limeibwa. Koplo wa Mbarara anasema liko, na ubao wake uko, na simu yake iliona. Yote haya nayaweka upande wa chuya mpaka atokee mtu aliyesimama mbele yake.

Niliyo nayo ni haya. Mjukuu wangu Furaha, aliponisikia nikinung'unika habari za koplo, alisema labda jiwe letu limezeeka tu, labda lingekaa vizuri juu ya jingine lolote pana, mbona mawe ni mengi huku. Sikumkemea, ndivyo nilivyomfundisha, kutoniamini bila kujaribu. Tumejaribu. Tumelipeleka kwa majirani, Wakongo na Warundi, juu ya kila jiwe la kusagia tulilokaribishwa kuligusa. Tumeletewa mawe mapana kutoka vilima vya Ngarama kwa baiskeli. Juu ya yote linayumba, upande mmoja ukigusa, mwingine ukielea, na ulezi unateleza bila kusagika.

Leo asubuhi jirani mpya ameleta jiwe la mama yake, zuri, limeingia ndani sana. Nimepiga magoti kwa shida, nimemwaga ulezi, nimemweka mtoto juu, na Furaha ameshika taa karibu ili macho yangu yasinidanganye.

Limeyumba.